Gari Linaunguza Globu Kila Wiki, Nami Namshuku Kijana Wangu

SWALI

Fundi, shikamoo.

Mimi ni mama mfanyabiashara wa mahindi na alizeti hapa Kibaigwa. Nina Noah ya zamani, ile ya injini ya 3S, ambayo nilimkabidhi mtoto wa marehemu dada yangu aiendeshe. Anabeba abiria kati ya Kibaigwa na Dodoma mjini, na mara nyingine anapeleka mizigo yangu soko la Majengo. Nimemlea mwenyewe tangu mdogo, ananiita mama mdogo, na gari nilimpa nikitaka ajitegemee.

Tatizo ni globu. Tangu msimu wa mavuno uliopita, karibu kila wiki ananiletea hesabu yenye globu ndani yake. Mara taa kubwa ya kushoto, mara ya kulia, mara taa za breki, hata ile taa ndogo ya kumulika namba nyuma. Mwanzoni nilitoa hela bila kuuliza. Sasa zimekuwa nyingi, hata mwezi uliopita nikamkata kwenye posho yake. Jirani yangu mwenye magari mawili ameniambia wazi kwamba globu haziungui hivyo, kijana ananipiga.

Nilipomuuliza alikasirika. Alikwenda kuchukua mfuko wenye globu zilizoungua akazimwaga mezani. Nilizitazama, lakini sijui ninachotazama. Nyingine kioo chake kimekuwa cheusi kama kina masizi, nyingine zinang'aa kwa ndani kama fedha. Yeye anasema akikanyaga mafuta taa zinawaka kali mpaka madereva wanaokuja mbele wanamlalamikia kwa kumwashia fuli, akiachia zinarudi chini.

Wiki iliyopita usiku, kati ya Mbande na Chalinze Nyama, taa zote mbili za mbele zilizima zikipishana dakika chache tu, na gari lilikuwa na abiria. Walisogea pembeni wakasubiri msaada. Mungu alisaidia.

Kabla ya haya yote, taa ya betri ilikuwa ikiwaka kwenye dashibodi. Tulipeleka gari gereji moja mjini, wakaifungua altaneta, ile mashine inayochaji betri, wakaitengeneza. Globu zilipoanza kuungua tulirudi kwao. Fundi aliwasha gari, akachomoa waya wa betri huku injini inanguruma, gari halikuzima. Akaniambia, "Mama, altaneta yako nzima kabisa, shida ni hizi globu feki mnazonunua." Akashauri tununue na betri mpya, maana hii inakula maji. Ni kweli kijana anaongeza maji kila mara, na wakitoka safari kuna harufu kama ya yai viza. Baada ya kutoka kwa fundi huyo, redio nayo imekufa.

Naomba uniambie, kijana ananidanganya au gari ni bovu? Kama ni bovu, nianzie wapi bila kumwaga hela? Naogopa kumwondoa kazini kwa kosa lisilo lake, na naogopa pia kuendelea kuibiwa.

Mama wa Kibaigwa

JIBU

Marahaba, dada yangu. Pole kwa mawazo, na pole zaidi kwa ule usiku wa Mbande.

Nianze na kijana, maana naona ndiye anayekunyima usingizi. Kwa haya uliyoandika sioni sababu ya kumshuku. Mtu anayekula hela ya globu hatungi hadithi ya taa zinazopanda mwanga akikanyaga mafuta, betri inayokula maji na harufu ya yai viza, tena bila kujua kwamba mambo hayo matatu yanatoka sehemu moja. Yanatoka sehemu moja kweli. Gari lako linazalisha umeme mwingi kuliko betri na taa zinavyoweza kustahimili. Kwa lugha ya gereji, lina ovachaji. Nina uhakika mkubwa na hilo, lakini sitaki uamini kwa maneno yangu. Linapimika, na kulipima hakuhitaji hata dakika kumi.

Elewa kwanza kinachotokea. Gari lako linaitwa la volti 12, lakini betri nzima iliyojaa na kupumzika usiku kucha inasoma kama 12.6. Ukiwasha injini, altaneta inashika kazi na kupandisha umeme hadi kati ya 13.8 na 14.5, ili betri ijae huku taa, redio na feni vikiendelea kutumia. Kinachozuia umeme huo usivuke hapo ni kidude kidogo kilichofungwa ndani ya altaneta, kidhibiti volteji, ambacho mafundi wengi wanakiita katauti. Katauti inapima volteji muda wote, kisha inakata na kurudisha umeme mdogo unaopita kwenye kaboni, vile vipande vidogo vya kupitisha umeme, kuingia kwenye rota, sehemu ya altaneta inayozunguka. Rota ikipata umeme mwingi, altaneta inazalisha mwingi. Ikinyimwa, inapunguza.

Sasa katauti inaweza kufa kwa namna mbili. Ikifa kwa kukata, altaneta haichaji, taa ya betri inawaka, na betri inaisha njiani. Huo ndio ugonjwa mliokuwa nao mwanzo, au unaofanana nao. Ikifa kwa kushikana, rota inapata umeme wote wakati wote na hakuna tena wa kuizuia altaneta. Ukipiga resi volteji inapanda, 15, 16, hata kuvuka hapo, ukiachia inashuka. Ndicho anachokiona kijana. Gari lisilo na kasoro nalo linaweza kuongeza mwanga kidogo linapotoka sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, kwenda mwendo, hilo halina neno. Mwanga unaofuata mguu wa dereva safari nzima, unapanda naye na kushuka naye, huo una shida.

Na globu haina uvumilivu kwa volteji. Utambi wake ni uzi wa tangsteni unaofanya kazi ukiwa umepashwa joto kali mno, na joto likizidi kidogo tu, chuma kile kinaanza kugeuka mvuke kwa kasi. Kanuni wanayoitumia wataalamu wa taa ni kwamba volteji ikizidi kwa asilimia 5, umri wa globu unapungua karibu nusu. Globu ya taa kubwa ya volti 12 hupimwa kiwandani kwa volti 13.2. Ukiipa 15.5 muda wote, ile ambayo ingekaa mwaka mzima inaisha ndani ya mwezi na nusu hivi. Ukiipa 16 na ushee, hesabu inakuwa ya wiki. Sasa kumbuka Noah ina globu ngapi mbele, nyuma na pembeni. Ndiyo maana kila hesabu ya wiki imekuwa na globu ndani yake.

Ule usiku wa taa mbili kuzima kwa kupishana nao una maelezo. Taa kubwa moja inavuta umeme wa kutosha. Ikiungua, mzigo wa altaneta unapungua ghafla, na kwa kuwa hakuna wa kuidhibiti, volteji inaruka juu zaidi kwa ile iliyobaki. Ya pili ikiungua baada ya dakika chache ni jambo la kutarajiwa.

Zile globu alizozimwaga mezani usizitupe. Zichukue moja moja uzitazame kwenye mwanga wa dirishani. Kioo cheusi, au kinachong'aa kama fedha kwa ndani, maana yake tangsteni imegeuka mvuke na kuganda kwenye kioo. Globu iliyotumika miaka inaweza kuwa hivyo kwa uzee tu, lakini iliyotumika wiki chache imepata volteji kubwa. Tazama pia ncha za utambi pale ulipokatikia. Ukiona zimefanya kishanga kidogo cha mviringo, chuma kimeyeyuka. Kama kioo ni cheupe safi na utambi umekatika tu, ukining'inia, hapo ni mtikisiko wa barabara au globu haikukaa imara kwenye soketi. Ukungu mweupe kama maziwa ndani yake ni dalili kwamba kioo kilipata ufa na hewa ikaingia. Na kama globu ya halojeni imevimba kijipele upande mmoja wa kioo, mtu aliishika kwa vidole vyenye mafuta. Wewe umeniambia nyeusi na za fedha. Globu hizo zinamtetea kijana wako kuliko maneno yake mwenyewe.

Kuhusu lile jaribio la kuchomoa waya wa betri injini ikiwaka, naomba unisikilize vizuri, na wewe uwaambie wenzako wenye magari. Usikubali tena fundi yeyote alifanye kwenye gari lako. Kwanza halijibu swali lako. Linaonyesha tu kwamba altaneta inazalisha umeme, na altaneta yenye ovachaji inazalisha mwingi kupita kiasi, kwa hiyo italifaulu bila shida. Pili, linaharibu. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa gari zima. Inapochomolewa ghafla huku altaneta inazalisha, volteji inaruka mara moja hadi makumi ya volti, na ingawa ni kwa sehemu ndogo ya sekunde, hiyo inatosha kuua redio, dayodi za altaneta (vidude vinavyogeuza umeme wake wa mawimbi kuwa wa moja kwa moja), katauti yenyewe, na kompyuta ya injini ambayo bei yake utalia. Ni jaribio la enzi za magari yasiyo na kompyuta. Redio yako kufa baada ya kutoka pale, mimi naliona si jambo la bahati mbaya.

Tuje kwenye kupima. Tafuta multimita, ile mita ndogo yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Fundi redio yeyote anayo, na maduka ya vifaa vya umeme yanauza za bei ya kawaida tu. Iweke kwenye volti za umeme wa moja kwa moja (DC), kipimo cha 20. Ncha nyekundu iguse chanya ya betri, nyeusi iguse hasi, kwenye risasi yenyewe ya betri, kile kichwa kilichochomoza juu, na si kwenye klipu iliyofungwa juu yake, maana klipu yenye kutu inaweza kukudanganya.

Pima asubuhi kabla ya kuwasha. Ukiona 12.4 hadi 12.6 betri bado ina uhai. Chini ya 12 imeisha au ina kasoro. Kisha washa, liache gari sailensa, zima kila kitu, soma. Halafu kijana apige resi taratibu hadi kama mizunguko 2,000 kwa dakika ashikilie hapo, na wewe usome tena. Hii ndiyo namba ninayoitaka kuliko zote. Gari lisilo na kasoro litapanda kidogo kisha litasimama penye 14 na kitu, hata resi iongezeke vipi. Likivuka 14.8 mashaka yameanza. Likifika 15 na kuendelea kupanda na resi, kesi imekwisha, hakuna haja ya kujadili globu za nani ni feki. Acha resi haraka, usiendelee kulipandisha kwa kutaka kuona mwisho wake.

Malizia kwa kuwasha taa zote, feni na kiyoyozi, usome mara nyingine. Chini ya 13.5 ukiwa na resi kidogo maana yake altaneta haitoshelezi, hilo ni tatizo la aina nyingine. Rudia vipimo hivi gari likitoka safari, injini ikiwa moto. Katauti nyingi zimetengenezwa zipunguze volteji kukiwa na joto, kwa hiyo asubuhi za baridi za Juni na Julai hapo kwenu namba itakuwa juu kidogo kuliko mchana. Kuna katauti pia inayokuwa nzima ikiwa baridi na kushikana ikipata moto. Hiyo ndiyo inayowasumbua mafundi, kwa sababu gari linapofika gereji limeshapoa. Kwa hali kama hiyo kuna kivoltimita kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Dereva anasoma namba akiwa njiani. Ni kitu cha bei ndogo, na kwa gari la abiria ningependa kibaki humo hata baada ya matengenezo.

Namba ikiwa juu, usikimbilie kununua altaneta. Kuna waya mmoja wa kukaguliwa kwanza, na watu wengi wanaupita. Kwenye altaneta ya gari kama lako kuna soketi yenye nyaya tatu nyembamba. Mmoja unaleta umeme wa swichi, mmoja unakwenda kwenye taa ya betri ya dashibodi, na wa tatu kazi yake ni kuipa katauti taarifa ya volteji iliyopo kwenye betri. Huo wa tatu ukishika kutu ya kijani, au pini yake ikilegea ndani ya soketi, katauti inapokea taarifa ya uongo. Betri ina 15.2, yenyewe inasikia 14.2, inaridhika. Katauti ni nzima na gari lina ovachaji. Altaneta yako ilifunguliwa kabla ya tatizo kuanza, kwa hiyo soketi hiyo ilichomolewa na kurudishwa. Ni mahali pa kutilia mashaka. Fundi apime kati ya waya huo pale nyuma ya soketi na chanya ya betri injini ikiwaka. Tofauti inatakiwa iwe ndogo sana, ikivuka 0.2 au 0.3, tatizo liko kwenye waya, na dawa yake ni kusafisha na kukaza. Atazame pia fyuzi iliyoandikwa ALT-S, kama ipo kwenye boksi la fyuzi.

Waya ukiwa safi na namba bado iko juu, basi ni katauti. Inauzwa peke yake, na ni rahisi kuliko altaneta nzima. Inawezekana pale gereji walifunga iliyotumika, au iliyoingia kwenye matundu ya skurubu lakini si ya altaneta hiyo. Fundi akiwa ameshafungua, atazame urefu wa kaboni na apime dayodi. Dayodi mbovu inaingiza umeme wa mawimbi kwenye gari. Ukiweka mita kwenye kipimo cha umeme wa mawimbi (AC), injini ikiwaka, betri haitakiwi kuonyesha zaidi ya sehemu ndogo tu ya volti. Ikikaribia nusu volti, dayodi zina kasoro. Akimaliza, asiseme "tayari mama". Aweke mita mbele yako, apige resi, na wewe uone 14 na kitu imesimama hapo hapo. Ukishaona, lipa.

Lingine la kukagua leo hii, bila fundi, ni klipu za betri. Yule aliyechomoa waya, aliukaza? Shika kila klipu kwa mkono uizungushe. Ikizunguka, imelegea, na kwenye mtikisiko wa barabara itakuwa inakata na kurudi, na kila inapokata ni kama lile jaribio la gereji linafanyika tena barabarani. Safisha risasi na klipu kwa maji ya moto na brashi ya waya, kausha, kaza kwa spana.

Mtu anaweza pia kukwambia shida ni athi mbovu, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi ya gari, mfunge nyaya zote upya. Athi mbovu ya taa kwa kawaida inafifisha taa, haiiunguzi. Mwambie apime kwanza.

Betri mpya usinunue sasa. Ukiiweka kwenye altaneta hii, nayo itachemshwa vile vile na utakuwa umetupa hela. Ile harufu ya yai viza inatoka kwenye betri inayochemshwa na chaji, na maji yanayopungua yanapasuliwa na umeme kuwa gesi, mojawapo haidrojeni, inayolipuka. Kwa hiyo hapana sigara wala kibiriti karibu na betri hiyo, na kijana asitazame kiwango cha maji kwa kuwasha moto. Maji ya kuongeza ni maji ya betri yasiyo na chumvi (distilled water) yanayouzwa dukani. Asiongeze asidi, na asitumie maji ya bomba wala ya kisima. Ninyi wa Dodoma mnajua wenyewe chumvi iliyomo kwenye maji ya visima vyenu, na betri inaugua nayo. Ovachaji ikishatengenezwa, ijazwe chaji, ilale usiku, ipimwe asubuhi. Ikiwa imevimba mbavu au haifiki 12.4, hapo ndipo ununue.

Na hilo la globu feki, zipo kweli madukani, na zinaungua mapema. Lakini globu feki haichemshi betri. Mpaka gari litengenezwe nunua za bei nafuu tu, maana hata ile nzuri kuliko zote itaungua. Baada ya hapo nunua mbili za taa kubwa kwa pamoja, aina ile ile ya kiwanda, H4 ya wati 60/55. Wauzaji watakusukumia za 100/90 kwa kuwa zinamulika sana. Ukizifunga, soketi za plastiki zinayeyuka na nyaya zinapata moto. Kijana ashike kitako cha chuma wakati wa kufunga, kioo asikiguse. Akikigusa, akifute kwa kitambaa safi chenye spiriti.

Hadi hapo gari lisisafiri usiku. Hili nalisema kwa msisitizo wote nilionao, kwa sababu lile la Mbande litarudi, na barabara ile ina malori ya mizigo usiku kucha. Mchana nako, kama hakuna budi, aendeshe kwa resi ya chini, awashe feni ya ndani hadi mwisho na kiyoyozi kama kipo, ili altaneta ipate mzigo na volteji ishuke kidogo. Hiyo ni ya kufikia gereji tu, isiwe mtindo wa kazi.

Siku ya kupima nenda naye. Mita ashike yeye, namba usome wewe, kisha mwambie mwenyewe kwa kinywa chako kwamba alikuwa anasema kweli. Usimtume mtu, wala usisubiri yapite kimya kimya; ulimlea na anakuita mama mdogo, neno lako kwake ni zito kuliko la jirani. Na ile hela uliyomkata kwenye posho, mpe.

Kwa wasomaji wenye Canter na Fuso, ambao mara nyingi wananiuliza jambo hili hili: malori mengi ya aina hiyo ni ya volti 24, yana betri mbili zilizounganishwa mfululizo, kwa hiyo namba zenu ni mara mbili ya hizi. Injini ikiwaka mtarajie kama 27.6 hadi 29, na ikikaribia 30 mna ovachaji. Kagueni pia kama kuna mtu alichukua volti 12 kwenye betri moja ili kuendesha redio au kuchaji simu. Betri hiyo inapungua, mwenzake inajazwa kupita kiasi, na zote mbili zinakufa kabla ya wakati. Kifaa cha kushusha 24 kuwa 12 kinauzwa. Fungeni hicho, nyaya zake zichukue umeme kwenye betri zote mbili.